Jina, Ubia au Kampuni: Historia ya Biashara za Nyumbani Likoni, Kisauni na Changamwe

Muundo wa kisheria wa biashara hujibu maswali matatu: mali ya biashara ni ya nani, deni lake litalipwa na nani, na mwenyewe akifa kilichobaki kitakwenda kwa nani. Likoni, Kisauni na Changamwe, sehemu tatu zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa upande wa kusini, kaskazini na magharibi, maswali haya yameulizwa majumbani kwa muda mrefu kuliko yalivyoulizwa ofisini. Huko mahamri na viazi karai hukaangwa uani, makuti husukwa, kofia na madira hushonwa, achari, mabuyu na kachiri hufungwa kwa ajili ya maduka, na vikuba vya asumini hutungwa kwa ajili ya harusi. Mtaji hutoka mfukoni mwa familia, na wafanyakazi ni mama, watoto, mashangazi na wakwe. Familia hizi hazikuwahi kukosa muundo. Katika kila zama zilifuata muundo ambao yule aliyekuwa na uwezo wa kuzidai hesabu aliutambua: kwanza kadhi na wazee wa ukoo, kisha mwenye shamba, kisha baraza la mji, na baadaye mkopeshaji na mtoza kodi.

Mafungu, shirika na wakfu

Pwani ilipokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, sheria ya Kiislamu ilikuwa na njia zake za watu kufanya biashara pamoja. Katika musharaka, wawili au zaidi walichanga mtaji, wakagawana faida na hasara. Katika mudharaba, mmoja alitoa mali na mwingine akatoa kazi. Faida iligawanywa kwa kiasi walichopatana, na mtaji ukipotea bila uzembe wa mfanyakazi, hasara ilikuwa ya mwenye mali. Wavuvi nao waligawana kwa mafungu: chombo na nyavu vilikuwa na fungu lao, na wavuvi wakapata lao. Mikataba hii ilifungwa kwa mdomo mbele ya mashahidi, na ilitosha kwa sababu waliohusika walijuana kwa ukoo, mtaa na msikiti.

Sheria hiyo hiyo ya Kiislamu ilimpa mwanamke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, mbali na ya mumewe. Fedha alizopata mke kwa kushona au kupika zilikuwa zake, na mumewe hakuwa na haki ya kuzichukua. Uingereza ilifika hapo kwa sheria ya bunge ya mwaka 1882. Kwa hiyo wanawake wa Kiislamu wa Mombasa waliomiliki nyumba, wakapangisha vyumba na kuuza vyakula, walikuwa wafanyabiashara kamili kwa haki yao wenyewe muda mrefu kabla ya msajili yeyote kuwaandika.

Mtihani wa mipango hii ulikuwa kifo. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yaliyopangwa: mjane hupata thumni marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na wasia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali. Mafungu hayo yanamlinda kila mrithi, lakini yanaikata biashara vipande. Kwa Wadigo wa Likoni na Mtongwe jambo hili lilikuwa zito zaidi. Desturi yao ya zamani ilipeleka urithi upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa. Uislamu ulipoenea miongoni mwao, watoto wa marehemu nao walikuwa na hoja. Minazi, iliyotoa tembo, makuti na mbata, ndiyo iliyokuwa mtaji mkuu wa nyumba nyingi, na migogoro juu ya nani arithi minazi ya nani iliwashughulisha wazee na mahakama kwa miaka mingi. Aidha, mti ungeweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwingine. Jambo hilo lingerudi baadaye katika nyumba zenyewe.

Dawa moja ya kuzuia mali isikatwe ilikuwa wakfu. Mwenye nyumba au shamba aliweza kuifunga mali hiyo isiuzwe wala isirithiwe, faida yake ikaenda kwa kizazi chake na hatimaye kwa kazi za kheri. Kati ya miundo yote iliyojulikana pwani, wakfu ndio uliofanana zaidi na kile ambacho sheria za baadaye zingekiita nafsi ya kisheria: mali iliyodumu baada ya mwenyewe kuondoka. Serikali ya kikoloni iliweka makamishna wa kusimamia wakfu, na sheria yao ya mwaka 1951 ilitumika hadi sheria mpya ya wakfu ilipotungwa mwaka 2022.

Sheria zilizopitia Bara Hindi

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na Desemba mwaka huo ukaafikiwa mkataba na Sultani kuhusu ukanda wa maili kumi wa pwani. Ukanda huo, pamoja na maeneo yote matatu, uliendelea kuwa mali ya Sultani kwa jina hadi mwaka 1963, na makadhi wakabaki na kazi yao juu ya ndoa, talaka na mirathi. Mambo ya biashara yalichukua njia nyingine. Amri ya kifalme ya mwaka 1897 ilileta sheria za Uhindi wa Waingereza, ikiwemo Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, ambayo ndani yake mlikuwa na kanuni za ubia. Kuanzia hapo ndugu wawili wa Kisauni waliochanga fedha za kununulia mashine ya kushonea walikuwa, mbele ya hakimu wa Kiingereza, wabia sawa na wafanyabiashara wa Bombay, hata kama hawakujua.

Wafanyabiashara wa Kihindi walioishi Mombasa walizizoea sheria hizi, lakini hata wao waliendesha biashara kama mali ya mtu na familia yake. Mfano mkubwa ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyekuwa na maduka mengi kutoka pwani hadi Uganda na ambaye jina lake lipo hadi leo kwenye shule ya sekondari ya Mombasa. Alifariki mwaka 1916, na biashara hiyo kubwa haikudumu muda mrefu baada yake. Ilikuwa imeshikiliwa na imani ambayo watu walikuwa nayo kwa mtu mmoja.

Mwaka 1896, London, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Aron Salomon, fundi wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ilidai wanachama saba, naye akaandika yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka alipe kutoka mfukoni mwake. Mahakama ikasema kampuni ni nafsi mbali na mwenyewe, hata kama wanachama wote ni familia moja. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa sheria ya kampuni iliyokuja kutumika Kenya. Ajabu yake ni kwamba ilizaliwa katika biashara ya kifamilia ya aina iliyojaa katika mitaa ya Mombasa, ilhali kwa zaidi ya nusu karne familia za mitaa hiyo hazikuweza kuifikia.

Nyumba bila ardhi

Sababu moja ilikuwa ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze na kuyathibitisha; ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliokuwa na maandishi, mashahidi na uwezo wa kuyafuatilia madai yao, wengi wao wakiwa Waarabu, Waswahili wa mjini na Wahindi, walipata hati. Wamijikenda wengi, pamoja na waliokuwa watumwa na vizazi vyao, walibaki bila hati kwenye ardhi waliyokuwa wakiilima.

Hapo ndipo ulipotoka utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambao umeathiri biashara za nyumbani ng'ambo ya kisiwa kuliko sheria yoyote ya kampuni. Mtu alipatana na mwenye shamba, akajenga nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi na vyumba pande zote mbili, kisha akalipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ilikuwa yake kuiuza, kuipangisha na kuirithisha, lakini ardhi haikuwa yake. Familia ziliishi, zikapangisha vyumba, na kuuza vyakula barazani kwa utaratibu huu vizazi kwa vizazi. Hata hivyo benki haikukubali rehani ya nyumba ambayo ardhi yake ni ya mtu mwingine, na mwenye shamba alipouza, mnunuzi angeweza kudai kiwanja chake. Biashara ilisimama juu ya mali isiyoweza kuitwa dhamana.

Mfano uliojulikana sana ni wa Likoni, katika shamba la Waitiki lenye ekari 930, ambako maelfu ya watu walijenga na kufanya biashara kwenye ardhi ya mtu binafsi. Baada ya mvutano wa miaka mingi serikali iliinunua, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati miliki. Kwa familia yenye cherehani sebuleni au jiko la mahamri uani, hati kama hiyo ina uzito kuliko cheti chochote cha biashara, kwa sababu ndiyo inayoifanya nyumba kuwa mtaji.

Vivuko, leseni na rejista

Reli, bandari ya Kilindini, daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1931 na feri ya Likoni inayovusha watu tangu mwaka 1937 viligeuza mashamba ya ng'ambo kuwa makazi ya wafanyakazi. Changamwe ilijaa watumishi wa reli na bandari, na baadaye wa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963. Wafanyakazi hao walihitaji chai na chapati kabla ya zamu, na nguo za kushonewa. Mshahara wa mume ulikuwa mdogo. Migomo ya bandari ya mwaka 1939 na mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka 1947 inaonyesha ugumu wa maisha wa wakati ule. Kipato cha mke kutoka uani kilikuwa nguzo ya nyumba.

Katika miaka hiyo sheria mbili zilitungwa ambazo zingeongoza biashara ndogo kwa miongo mingi. Sheria ya ubia ya mwaka 1934 ilifuata mfano wa Kiingereza: wabia wote hubeba madeni kwa mali zao binafsi, na mbia mmoja akifa ubia huvunjika isipokuwa wamepatana vingine. Sheria ya kusajili majina ya biashara, ya mwaka 1951, ilimlazimu kujisajili yule tu anayetumia jina lisilo lake. Aliyeuza kwa jina lake mwenyewe hakuhitaji rejista. Kifungu hicho kiliwaacha mama wa mahamri na fundi wa barazani ndani ya sheria bila karatasi yoyote, na bila kinga yoyote vilevile.

Sheria ya kampuni iliyoanza kutumika Januari 1962, iliyonakili ile ya Uingereza ya mwaka 1948, ilitaka kampuni ya binafsi iwe na wanachama wawili hadi hamsini. Msajili alikuwa Nairobi, na ada za wakili zilikuwa kubwa kuliko mtaji wa biashara nyingi za nyumbani. Kampuni ikabaki chombo cha wenye maduka makubwa, wasafirishaji na mawakala wa forodha.

Karatasi iliyomfuata mfanyabiashara mdogo ilikuwa leseni. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwapa raia nafasi iliyokuwa imeshikwa na wageni, lakini kwa muuzaji wa barazani aliyeonekana mara nyingi alikuwa askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji. Leseni ilimruhusu mtu kuuza; haikusema mali ni ya nani. Familia nyingi ziliichukulia kuwa ndiyo usajili, na kosa hilo lingali likiwagharimu warithi, maana leseni ya marehemu si ushahidi wa hisa ya mtu yeyote.

Ushirika wa wachonga vinyago

Changamwe ilitoa jibu tofauti. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuurudisha kwao. Ufundi ulipita kwa baba, wana na wapwa, na wengi wao wakahamia Mombasa walikopatikana mabaharia na watalii. Mwanzoni kila familia ilichonga na kuuza peke yake, na wanunuzi wa kati walipanga bei.

Mwaka 1963 wachongaji hao waliunda ushirika wa Akamba Handicraft huko Changamwe, karibu na barabara ya Port Reitz. Walichochagua kinastahili kuangaliwa kwa makini. Mchongaji aliendelea kuwa na zana zake, kazi yake na wanafunzi wake wa nyumbani. Ushirika ulibeba yale ambayo familia moja isingeweza: mahali pa kazi, ukumbi wa mauzo na maagizo kutoka ng'ambo. Kinyago kikiuzwa, fedha zilimfikia aliyekichonga baada ya makato ya chama. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na vinyago kumi au elfu. Ushirika ulikuwa nafsi ya kisheria yenye dhima yenye kikomo, uliodumu hata wachongaji wa kizazi cha kwanza walipofariki. Miti ya mpingo na muhugu ilipoanza kuadimika, wachongaji waligeukia mwarubaini, na waliweza kufanya hivyo pamoja.

Muundo huu uliwafaa kwa sababu bidhaa zao zilifanana na soko lao lilikuwa moja. Haukuenea kwa biashara za vyakula, ambako kila nyumba ina wateja wake wa mtaa. Huko wanawake walitegemea chama cha kuzungusha fedha, ambacho kwa muda mrefu kilikaa nje ya sheria kikishikiliwa na uaminifu wa wanachama peke yao.

Zama za cheti

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya iliwaonyesha watunga sera kwamba kazi ndogo zisizosajiliwa zilikuwa na tija na zilistahili msaada badala ya kufukuzwa. Matunda ya wazo hilo yalikawia. Mfuko wa Wanawake ulianzishwa mwaka 2007, na Mfuko wa Uwezo ukafuata mwaka 2013; yote miwili ilikopesha vikundi vilivyosajiliwa. Matokeo yake, majirani na ndugu wa Kisauni na Likoni walijiandikisha kuwa kikundi kwa sababu mkopo ulidai hivyo. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii ilikipa kikundi msingi wa kisheria, ikitaka angalau watu kumi. Familia ndogo haitoshi kuwa kikundi, na fedha za kikundi si za familia moja. Wengi waliochanganya mambo hayo mawili waligombana.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja ndani ya miaka michache. Sheria ya ubia wenye dhima yenye kikomo ilitungwa mwaka 2011, na sheria mpya ya ubia mwaka 2012. Mwaka huohuo sheria ya biashara ndogo ikatambua kwa jina biashara yenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, kundi linalobeba karibu biashara zote za nyumbani. Sheria ya kampuni ya mwaka 2015 iliruhusu kampuni ya mtu mmoja, na usajili ukahamia kwenye mtandao wa eCitizen. Safari ya Nairobi ikaisha. Ada ya jina la biashara ikawa chini ya shilingi elfu moja, na ya kampuni kiasi cha elfu kumi. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika iliwezesha cherehani, jokofu au injini ya mashua kuandikishwa kuwa dhamana, jambo lenye thamani ya pekee mahali palipojaa nyumba bila ardhi.

Leseni nayo ikawa kibali cha kaunti baada ya Katiba ya mwaka 2010, na kodi ya mauzo ya asilimia 3, kwa viwango vya mwaka 2023, ikawahusu wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25. Mwenye kutaka achari yake iingie katika duka kubwa alihitaji pia alama ya ubora na vyeti vya afya, na duka hilo mara nyingi lilitaka kumlipa mtu mwenye jina lililosajiliwa na akaunti ya benki ya jina hilo.

Uchaguzi ulivyo sasa

Familia ya leso, vyakula au ushonaji ina njia tano zilizo wazi. Jina la biashara ni rahisi na linaitosha biashara isiyo na deni kubwa, lakini mali na madeni ni ya mwenyewe, na akifa vyote vinaingia kwenye mirathi. Ubia unawafaa ndugu wanaochanga sawa, ikiwa wameandika mafungu yao na utaratibu wa mmoja kuondoka. Kampuni hutenga mali ya nyumbani na deni la biashara na haifi na mwenyewe; inadai ripoti za kila mwaka na hesabu safi, na benki mara nyingi itataka dhamana binafsi ya wakurugenzi, hivyo kinga yake si kamili. Ushirika unafaa wenye bidhaa na soko moja. Kikundi kinafaa kukopa na kuweka akiba pamoja.

Muundo wowote kati ya hiyo hauifuti mirathi. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iliwaondoa Waislamu kwa marekebisho ya mwaka 1990, na Katiba ya 2010 ikawathibitisha makadhi. Hisa za kampuni za Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa mafungu yaleyale ya zamani. Tofauti ni kwamba zinagawanywa hisa, na jiko au cherehani vinabaki kazini. Hiyo ndiyo faida ambayo wakfu uliitoa zamani.

Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 ilitaja usimamizi wa biashara ya familia kuwa mchango unaohesabika hata bila fedha, na ikawaruhusu Waislamu kufuata sheria yao. Kwa wanawake waliozibeba biashara hizi kwa vizazi, utambuzi huo una maana pale tu majina yao yanapoandikwa. Biashara nyingi za ng'ambo ya kisiwa zimesajiliwa kwa jina la mume wakati mikono ni ya mke, na mashahidi wa mdomo waliotosha katika mtaa wa watu waliojuana hawatoshi tena mbele ya msajili, benki na hakimu. Katika muundo wowote utakaochaguliwa, kuandika ni nani alitoa nini, nani anapata fungu gani na nani atashika biashara baada ya mwenyewe kufa kunaweza kufanywa kwa gharama ndogo, na ndiko kulikokosekana katika migogoro mingi iliyopita.